Neno "Kufuru" na Asili Yake

Ndugu Waislamu, maneno ya dini yanayotamkwa upesi majumbani mwetu kama neno kufuru ni machache. Mtoto akimwaga wali chini, bibi yake humwambia: "Usikufuru!" Anayelalamikia mvua ya Mungu au kucheka kilema cha mwenziwe, naye huambiwa amekufuru. Bibi zetu hawakusoma sarufi, lakini maana wameishika barabara kuliko baadhi yetu tuliosoma.

Kwa asili ya Kiarabu, kafara ni kufunika. Waarabu wa kale waliuita usiku kafir kwa kuwa hufunika vitu, na mkulima vilevile kwa kuwa huifukia mbegu. Katika Sura Al-Hadid, Aya ya 20, wametajwa kuffar wanaofurahishwa na mimea iliyoota kwa mvua, na wafasiri wengi wamesema makusudio ni wakulima. Hapa Ipinda, wilaya ya Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, watu wanaishi kwa mpunga, na wanafunzi wakilisikia hilo hucheka: "Basi, Maalim, sisi sote makafiri!"

Hata kafara ya dhambi ni tawi la mti huohuo. Na katika Sura Ibrahim, Aya ya 7, kukufuru kumewekwa mkabala na kushukuru. Basi mwenye kukufuru ni aliyepewa neema, akaijua, kisha akaifunika. Ndiyo maana ya bibi na wali wake.

Ama hukumu ya nani kafiri, hiyo imo katika vitabu vya tauhidi na fiqhi, wala siigusi hapa. Nasema juu ya namna neno lilivyogeuzwa. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kuwa watu wake walipigana na makafiri wa Zanj waliopakana nao. Hapo lilikuwa bado neno la dini. Wareno walipofika mwishoni mwa karne ya 15 wakalichukua kwa Waislamu, wakatamka cafre, wakawaita hivyo watu weusi wasio Waislamu. Wazungu wa Rasi ya Tumaini Jema wakalipokea, na Waingereza wakaviita kwa neno hilo hata vita vyao na Waxhosa. Mwisho likawa tusi la rangi tu, asiulizwe mtu anasali au hasali! Vijana wa Kyela na Rungwe waliokwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini kabla ya uhuru wa 1961 waliingia katika nchi ambamo tusi hilo lilikuwa la kila siku. Mwaka 2018 mahakama moja ya Johannesburg ilimhukumu mwanamke kifungo kwa kuwatukana polisi Waafrika kwa neno hilohilo.

Huku kwetu wamisionari wa Kijerumani waliingia mwaka 1891, na Wanyakyusa wengi ni Wakristo. Katika ukoo mmoja mjomba ni mzee wa kanisa, na mpwa yuko chuoni kwangu. Mpwa huyo akimwita mjomba wake kafiri kwa kuwa wamegombania ndizi, hilo si neno la fiqhi, ni la msimamizi wa mgodi. Nami humsimamisha ubaoni, aandike kaf, fa na ra, anieleze maana yake ya kwanza mbele ya wenzake.