Kutoka Maabara hadi Utawala: Jacob Mtabaji na Mwanzo wa Elimu ya Udaktari Mwanza

Mwanza ulikuwa mji wa utafiti wa tiba kwa zaidi ya nusu karne kabla ya kuwa mji wa kufundishia madaktari. Kitengo cha utafiti wa matende kilianzishwa huko mwaka 1949, kikakua kuwa taasisi ya utafiti ya Afrika Mashariki, na baada ya sheria ya mwaka 1979 kazi hiyo ikawa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Hata hivyo, kijana wa Ukerewe au Sengerema aliyetaka kusomea udaktari hakuwa na budi kuuacha mwambao wa ziwa. Hali hiyo ilibadilika mwaka 2003, Chuo Kikuu Kishiriki cha Sayansi za Afya Bugando kilipoanza na wanafunzi 10 wa shahada ya udaktari.

Darasa dogo kiasi hicho nalo huhitaji biokemia na fiziolojia kabla ya kufikishwa wodini. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilikuwa na matabibu. Lakini upasuaji hodari haumwandai mtu kufundisha jinsi seli inavyozalisha nishati. Kwa maoni yangu, ndiyo maana ni jambo la uzito kwamba chuo hicho, katika miaka yake ya mwanzo, kiliongozwa na mwanafiziolojia, Profesa Jacob Mtabaji.

Mtabaji alifundisha Muhimbili. Katika miaka ya 1970 aliandika makala pamoja na David Horrobin kuhusu mishipa ya damu. Baadaye alishirikiana na Yukio Yamori wa Japani katika uchunguzi wa chumvi na shinikizo la damu, ambao matokeo yake ya Tanzania yalichapishwa mwaka 1990. Msingi wa uchunguzi huo ulikuwa mkojo uliokusanywa kwa saa 24. Sodiamu nyingi tunayokula hutoka kwa njia hiyo, hivyo kuipima kunaaminika kuliko kumuuliza mtu anatia chumvi kiasi gani, swali ambalo wachache hulijibu sawasawa. Walilinganishwa watu wa Dar es Salaam, Handeni na Monduli.

Kisha ukaja utawala, kwanza Muhimbili, halafu Bugando. Waandishi wa wasifu wa wanazuoni wana mazoea ya kuhesabu makala na kuiita miaka ya utawala ukimya. Siafikiani nao kikamilifu. Maeneo yale matatu yalichunguzwa upya mwaka 1998, na makala ya mwaka 2001 ilitanguliwa na jina la Marina Njelekela, mwanafiziolojia wa kizazi kilichofuata. Gharama ilikuwapo, kwani anayeidhinisha bajeti hashindi maabara. Lakini swali la utafiti lilikuwa limepata warithi.

Jambo moja halijapewa uzito: katika maeneo hayo matatu, hakuna hata moja lililokuwa kando ya ziwa, kunakotengenezwa kayabo, yaani sangara wa chumvi, ingawa sehemu kubwa husafirishwa Kongo. Kabla ya 2003, mtafiti aliyetaka kulichunguza hilo Mwanza angeipata taasisi ya utafiti, asipate wanafunzi wa udaktari wa kuifanya kazi hiyo pamoja naye.