Parketi: Unyevu, si umri, ndio huharibu sakafu ya mbao

Nyumba nyingi zilizojengwa Nairobi kabla ya uhuru na katika miaka iliyofuata, hasa katika mitaa kama Kileleshwa, Lavington na Parklands, ziliwekwa sakafu ya vipande vidogo vya mbao ngumu vilivyopangwa kwa ustadi na kugandishwa kwa gundi au lami. Sakafu ya aina hiyo huitwa parketi. Baadhi yake zingali imara hadi leo, ilhali kuna nyumba mpya ambazo sakafu yake hufura na kubanduka kabla ya mwaka kuisha. Aghalabu tofauti hiyo haitokani na bei ya mbao bali hutokana na maji.

Jambo hilo lina historia ndefu. Parketi ilipoanza kutumiwa katika kasri ya Versailles nchini Ufaransa mnamo 1684, ilichukua nafasi ya marumaru iliyohitaji kuoshwa kila mara, na maji ya kuoshea yalikuwa yakiozesha mihimili ya mbao iliyokuwa chini yake. Anayetaka kuweka parketi leo sharti aanze na kanuni iyo hiyo: sakafu ya mbao ni ya nyumba kavu.

Kuchagua mbao

Ubao, hata baada ya kukatwa na kupigwa randa, huendelea kunyonya unyevu wa hewa na kutanuka, kisha hunywea hewa inapokauka. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza dukani ni kiwango cha unyevu kilichomo ndani ya mbao, kabla ya rangi yake. Fundi mwenye kipima unyevu aweza kukijua kwa muda mfupi. Kwa nyumba ya Nairobi, mbao zenye unyevu wa karibu asilimia 12 au chini kidogo hufaa. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi zaidi, mbao hutulia katika kiwango cha juu kuliko hicho. Ndiyo maana mbao zilizokaushwa kwa ajili ya Nairobi zikipelekwa Mombasa na kuwekwa siku iyo hiyo, huweza kutanuka na kuinuka.

Miongoni mwa mbao zinazojulikana kwa kazi hii ni mvule, mninga, msaji na mkaratusi. Mkaratusi ni mgumu na hupatikana kwa urahisi nchini, lakini hupinda na kupasuka usipokaushwa taratibu. Muhugu, mti wa asili unaopatikana katika misitu ya Pwani na hata Karura jijini Nairobi, ulisifika kwa kustahimili nyayo nyingi. Hata hivyo, mti huo umepungua kwa kukatwa ili kupata mbao na vinyago, na umeorodheshwa kimataifa miongoni mwa miti inayokaribia kuwa hatarini. Mnunuzi mwangalifu huuliza mbao zilikotoka na kutaka kuona stakabadhi zake.

Unene nao ni muhimu. Kipande kizima cha milimita 18 hadi 22 huweza kupigwa msasa mara kadhaa katika maisha yake. Kuna pia parketi ya tabaka, yenye ubao halisi wa milimita tatu au nne juu ya plaiwudi. Hii haitanuki sana, lakini haivumilii msasa zaidi ya mara moja au mbili. Laminati si parketi kamwe: juu yake pana picha tu ya mbao, na ikichakaa haina tiba ila kung'olewa.

Kwa hesabu, vipande vya milimita 230 kwa 75 huhitajika takriban 58 kwa kila mita mraba. Chumba cha mita nne kwa tano kitachukua vipande 1,160. Ikiongezwa asilimia 10 ya vile vitakavyokatwa pembeni, jumla ni karibu 1,280. Vitakavyosalia vihifadhiwe kwa marekebisho ya baadaye.

Zege likauke kwanza

Hapa ndipo haraka huwaponza wengi. Zege jipya hukauka polepole, na makadirio ya kawaida ya wajenzi ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Zege la milimita 100, kwa hivyo, lahitaji miezi minne hivi, na pengine zaidi wakati wa masika. Uso wake waweza kuonekana mkavu huku ndani kukiwa na maji tele.

Njia rahisi ya kupima ni kubandika karatasi ya plastiki ya mita moja mraba juu ya zege, kuziba kingo zake zote kwa utepe na kuiacha kwa saa 24 au zaidi. Matone yakionekana chini ya plastiki, au zege likigeuka jeusi, kazi isianze. Kutoonekana kwa matone si hakikisho kamili, hivyo kipima unyevu hubaki kuwa shahidi bora. Sakafu iliyo juu ya ardhi iwe na utando wa plastiki nzito chini ya zege wa kuzuia maji ya udongoni, na dawa ya mchwa itiwe kabla ya zege kumwagwa.

Kuweka

Vipande vifunguliwe na kuachwa ndani ya chumba kitakachowekwa kwa wiki moja au mbili ili vizoee hewa yake. Wakati huo madirisha yawe yameshatiwa vioo, na kazi ya plasta na ya mabomba iwe imekwisha.

Zege lisawazishwe na kufagiliwa vumbi, kisha fundi apige mstari katikati ya chumba na kuanzia hapo, kwani kuta ni nadra kunyooka. Mipangilio inayopendwa ni ule unaofanana na ususi wa mkeka na ule wa mfupa wa samaki. Kando ya kila ukuta huachwa nafasi ya milimita 10 hadi 15 ili mbao zipate pa kutanukia, na nafasi hiyo hufichwa na ubao wa ukingo ambao mafundi huuita skatingi. Fundi anayebana vipande hadi ukutani ili kazi ionekane safi huwa anaandaa sakafu itakayoinuka mgongo mvua zitakaponyesha.

Gundi ikishakauka, sakafu hupigwa msasa, kwanza ule wa kukwaruza na mwisho ule laini, kisha hupakwa vanishi mara mbili au tatu. Vumbi la mbao lina madhara makubwa kwa mapafu na pua, kwa hivyo barakoa ni lazima. Iwapo mafuta ya kitani yatatumiwa badala ya vanishi, vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vitandazwe nje vikauke, kwa sababu vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe.

Kutunza na kurekebisha

Mchanga hukwaruza vanishi kama msasa. Kizuio cha kwanza ni kipangusio cha miguu mlangoni, cha pili ni vipande vya kitambaa kizito chini ya miguu ya viti. Sakafu ifagiliwe kila siku na kupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Kumwaga ndoo ya maji na kupiga deki, kama ifanywavyo kwenye saruji, ni kuifupishia sakafu maisha. Nta nayo isipakwe juu ya vanishi, kwani itazuia vanishi mpya kushika siku za usoni.

Ili kujua kama vanishi imechakaa, tone la maji huwekwa sakafuni kwa dakika chache. Likibaki juu, kinga ipo. Likizama na kuacha alama nyeusi, wakati wa kupaka upya umefika.

Vipande vikiinuka kingo, maana yake ni kwamba upande wa chini una maji kuliko wa juu. Kosa kubwa ni kuvipiga msasa papo hapo, kwa kuwa vikishakauka vitabaki na nundu katikati. Mfereji au bomba linalovuja litafutwe kwanza, sakafu iachwe ikauke, kisha msasa ufuate.

Kwa mwenye nyumba kuukuu anayefikiria kung'oa parketi ili aweke vigae, yafaa agonge sakafu kwanza. Vipande vinavyotoa sauti ya uwazi vimebanduka, na huweza kutolewa, kusafishwa na kugandishwa upya. Vilivyosalia vikiwa vizima na vikavu, huenda chini ya weusi wa miaka mingi kukawa na mbao ngumu ambazo ni vigumu kuzipata sokoni leo kwa bei yoyote.