Kipimo cha Rangi na Uso wa Mtu

Mtu achapaye picha nyumbani, akaona uso uliopendeza katika kioo cha kompyuta umetoka karatasini umekoza wekundu au umeingia giza, aghalabu huilaumu mashine au wino, ilhali asili ya taabu yake ni kongwe kuliko mashine zote za namna hiyo, nayo ni swali ambalo wataalamu wamelishughulikia kwa zaidi ya karne moja na nusu: rangi iliyo sahihi ni ipi, na ni jicho la nani litakalotoa hukumu?

Tarehe 17 Mei 1861, katika Royal Institution mjini London, mwanachuoni wa Kiskochi James Clerk Maxwell aliwaonyesha wasikilizaji wake taswira ya utepe wa nguo ya miraba ambao Thomas Sutton alikuwa ameupiga picha mara tatu, kwa kupitia rangi nyekundu, kijani na buluu, na taswira zile zilipomulikwa pamoja, kila moja kwa nuru ya rangi yake, utepe ukadhihiri na rangi zake. Ajabu ni kwamba dawa za picha za wakati ule zilikuwa karibu hazihisi wekundu hata kidogo, na kwa haki jaribio lile lingalishindwa. Ikapita miaka 100 ndipo watafiti wa Kodak walipobaini kwamba kitambaa chekundu kilikuwa kikirudisha pia nuru ya urujuanimno, ambayo jicho la binadamu haliioni lakini dawa ile iliinasa. Basi picha ile ilisadifu kuwa sahihi kwa sababu ambayo mwenyewe Maxwell hakuijua.

Ila picha inayomulikwa ukutani, kama ile ya Maxwell, hufanywa kwa nuru, na karatasi haina nuru yake yenyewe. Mwaka 1869 Wafaransa wawili, Louis Ducos du Hauron na Charles Cros, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza kwamba juu ya karatasi sharti kutumia rangi zinazopunguza nuru, yaani samawati, majenta na manjano, na hizo ndizo rangi zilizomo hata leo katika vibweta vya wino vya printa za nyumbani, pamoja na nyeusi iliyoongezwa ili kutia kina katika vivuli.

Njia ikawa imepatikana; kipimo bado. Katika miaka ya 1920 Waingereza William David Wright na John Guild waliwaketisha watu mbele ya chombo, wakawataka wachanganye nuru tatu mpaka zilingane na rangi waliyoonyeshwa, na kwa macho ya watu 17 tu, 10 wa Wright na 7 wa Guild, tume ya kimataifa ya nuru iliyokutana Cambridge mwaka 1931 ikaweka mtazamaji wa wastani, ambaye hesabu zake ndizo msingi wa vipimo vya rangi mpaka sasa. Mimi nakiona kitendo hicho kuwa cha insafu, kwa kuwa kilipima namna jicho lionavyo, na hakikuuliza ni uso gani unaotazamwa.

Uso uliulizwa baadaye, na jibu lake likawa dhuluma. Kodak walipotoa filamu ya Kodacolor mwaka 1942, picha ilipatikana kutoka katika hasi ambayo rangi zake zimegeuzwa, hata msafishaji asiweze kuitambua rangi ya kweli kwa kuitazama tu. Baada ya mwaka 1954, mapatano na serikali ya Marekani yalipoizuia kampuni hiyo kuuza filamu na usafishaji kwa bei moja, kazi ikatawanyika katika maabara nyingi, nazo zikapelekewa kadi ya kusawazishia mashine, yenye picha ya mwanamke mweupe aliyevaa nguo za rangi kali. Kadi hizo zikaitwa Shirley, na ngozi ya Shirley ilipotoka vizuri, kazi ilihesabiwa kuwa imetimia.

Mtu mweusi, na mtu wa maji ya kunde, hakuwamo katika hesabu hiyo. Penye mweupe na mweusi katika picha moja, mmoja alitoka na sura yake kamili, na mwenziwe akabaki meno na weupe wa macho. Ni kweli kwamba filamu ina mpaka wa kukusanya nuru na giza kwa pamoja, lakini udhuru huo hautoshi, kwani mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyechunguza jambo hili kwa makini, alisimuliwa na watu wa kampuni hiyo kwamba waliohimiza filamu irekebishwe ipate kutofautisha rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani. Mbao na peremende zilisikilizwa kabla ya nyuso za watu. Ilipofika miaka ya 1990 ndipo kadi yenye wanawake wa ngozi mbalimbali ilipotolewa.

Mwongo huohuo, mwaka 1993, kampuni nane ziliunda jumuiya ya kimataifa ya rangi na kukubaliana juu ya profaili, yaani faili linaloeleza tabia ya chombo kimoja, na kwa printa hueleza wino fulani juu ya karatasi fulani, ili rangi zitafsiriwe kutoka kioo hadi karatasi kwa hesabu za mwaka 1931. Kwa hiyo achaguaye profaili ya karatasi ya kung'aa naye ameweka karatasi ya kawaida amekwisha kuipotosha picha kabla wino haujadondoka. Tena mapatano hayo huikadiria karatasi kuwa inatazamwa chini ya nuru iliyo karibu na ya mchana, wala si ya taa ya manjano ya sebuleni, na kioo cha kompyuta kilichowashwa kwa ukali huifanya kila karatasi ionekane ina giza. Picha ya majaribio ambayo wauzaji huitoa si lazima ifuatwe: anayechapa picha za jamaa zake na akusanye katika karatasi moja nyuso anazozijua, nyeusi, za maji ya kunde na nyeupe, aichape kwa profaili yake, aiache ikauke, kisha aitazame dirishani mchana, huku wenye nyuso hizo wamesimama kando yake.