Mafuta Hayafiki

Gari ya zamani ikizima barabarani, kuna swali moja la kuanza nalo: ni moto ama ni mafuta? Moto unaujua kwa dakika mbili. Unatoa plagi, unaigusisha kwa chuma, mtu anapiga staata, unaona cheche au huoni. Mafuta ndiyo yana hadithi. Makanika wa jua kali walio kati ya Enterprise Road na Mukuru kwa Reuben huyafuata kinyumenyume, kutoka kabureta mpaka tangi, na wakifika kwa tangi wanaacha. Mimi nilitaka kujua nyuma ya tangi kuna nini.

Tuchukue Peugeot 504, ile wazee wanaita Pijo. Ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1968. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally nayo, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili. Lakini kwa watu wengi sifa yake haikutoka kwa rali. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni za uchukuzi, na miaka iliyofuata 504 ya mgongo mrefu ikawa gari ya safari za Nakuru na Kisumu, watu wamebanana huko nyuma na kuku miguuni.

Hizo safari ndizo zilifundisha madereva ugonjwa wa mafuta. Pampu ya 504 ya kabureta haitumii umeme. Imefungwa ubavuni mwa injini na inasukumwa na injini yenyewe. Kwa hivyo inachemka pamoja nayo. Sasa panda kutoka Nairobi mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ambako petroli huchemka kwa joto la chini kuliko Mombasa. Mafuta yanageuka mvuke ndani ya paipu, pampu inavuta hewa, gari inakufa mlimani. Dawa ilikuwa kitambaa chenye maji juu ya pampu, na subira. Dereva aliyemwaga maji ya kunywa ya abiria kwa injini hakuwa mwendawazimu.

Halafu miaka ya 1980 ikaja na spiriti ya miwa. Kiwanda cha Muhoroni kilitengeneza ethanoli kutoka kwa molasi, ikachanganywa na petroli ili nchi ipunguze kununua mafuta nje. Kwa karatasi ni wazo poa. Ndani ya gari kuukuu, ethanoli inaosha uchafu wa miaka yote kwa tangi na kuupeleka mbele hadi kwa filta, na mpira wa pampu usiotengenezewa spiriti unaharibika. Mpango huo ulikufa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Jinsi ya kupima haijabadilika. Unachomoa paipu inayoingia kabureta, unaielekeza kwa chupa, mtu anapiga staata. Mafuta yakitoka kwa nguvu, yakiruka-ruka, basi pampu ni mzima na shida iko mbele: sindano ya kabureta imekwama, ama kitundu kimeziba. Yakitoka kama machozi, rudi nyuma. Filta, paipu, halafu kifuniko cha tangi. Watu hupuuza kifuniko, na hapo ndipo utajua makanika mzuri: kabla hajafungua chochote, anafungua kifuniko na kusikiliza. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu la kupumua limeziba. Tangi lilikuwa linanyonga gari.

Na kama kila kitu kiko sawa, lakini asubuhi gari inakataa kuwaka, ikiwaka inagonga na kutoa moshi? Wanadondosha mafuta kwa karatasi nyeupe na kungoja. Petroli safi hukauka bila alama. Ikibaki doa lenye mafuta, umeuziwa petroli yenye mafuta ya taa.

Hapa ndipo historia ya gari inageuka historia ya mtaa. Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo juu ndiyo maskini walipikia. Tofauti hiyo ya bei ikawa biashara: walaghai walinunua ya stovu, wakachanganya na ya gari. Septemba 2018 serikali ikaweka tozo la shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuchanganya kusiwe na faida. Uchanganyaji ulipungua, sikatai. Lakini aliyelipa ni nani? Ni mathee wa Reuben anayenunua ya chupa moja, apike chai ya asubuhi, na hajawahi kumiliki hata tairi. Walipima kama makanika mvivu: badala ya kufuata mafuta hadi kwa lori na depo, wakabadilisha kipuri kilicho karibu.

Na depo iko hapa tu. Bomba la Kenya Pipeline kutoka Mombasa lilianza kazi 1978, kama kilomita 450, na linafika Nairobi huku kwetu Industrial Area, mabati na matangi vikitazamana. Petroli ya mji mzima inapitia nyuma ya nyumba zetu. Asubuhi ya Septemba 12, 2011, ilivuja ikaingia mtaro wa Sinai, upande wa Lunga Lunga. Watu wakatoka na mitungi na ndoo, kwa sababu mafuta yalikuwa ghali na haya yalikuwa yanapita bure mlangoni. Ikalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa.

Wakimaliza kupima, makanika hurudisha petroli ya chupa kwa tangi, hata kama ni kidole kimoja. Nimekaa nao kutosha, na sijawahi kuona mmoja akiimwaga kwa mtaro.