Kambare Mdogo Kwenye Ndoana



Mvua zilipoanza, vijana watatu wa Kirolirwe walitujia na kopo la bati. Ndani yake walikuwa wametia kambare wadogo zaidi ya ishirini, waliowaokota katika dimbwi la bondeni. Walikusudia kwenda nao mpaka maziwa ya Mokoto, wakawe chambo cha kuvulia samaki wakubwa. Wawili kati yao ni watoto wa jamaa zilizokimbia vita, nao walitaka kuuza samaki wapate ada ya shule. Lakini kopo lilikuwa limefungwa kwa kifuniko, nalo lilikaa juani tangu asubuhi. Tulipolifungua, samaki wote walikuwa wamekufa. Tena kijana mmoja alikuwa na kidole kilichovimba, kwa sababu alimkaza kambare katika kiganja, naye kambare akamchoma kwa mwiba wake.

Mzee mmoja aliyekaa nasi barazani akatikisa kichwa, akasema: «Wanangu, mmepata hasara mara mbili. Chambo kimekufa, na bondeni hamkubakiza kitu.»

Neno hilo la pili lilitukaa moyoni. Tukaona ya kuwa kopo lile la bati lina historia ndefu nyuma yake, na historia hiyo ina mafundisho kwetu sisi Wakristu wa parokia zetu. Basi leo twataka kuisimulia kwa ufupi.

SAMAKI MFANO WA NYOKA

Katika nchi nyingi za ng'ambo, wavuvi hutumia kama chambo hai samaki mwembamba, mrefu, mwenye ute, anayeteleza mkononi kama sabuni. Watu wa pwani humwita mkunga. Yuko mkunga wa baharini anayekaa miambani, na yuko mkunga wa mtoni. Huyu wa mtoni ana maisha ya ajabu: huzaliwa baharini mbali, hupanda mito akiwa mdogo, hukaa miaka mingi katika maji baridi, kisha hurudi baharini kuzaa na kufa. Kwa hiyo mikunga hupatikana katika mito inayoingia Bahari ya Hindi, kama vile Rufiji, Pangani na Tana.

Kwetu Masisi na Walikale hayupo, na sababu yake twaweza kuielewa tukifuata njia ya maji. Maji ya upande wetu wa magharibi hushuka katika mto Lowa, na Lowa huingia katika mto mkubwa wa Kongo. Maji ya Ziwa Kivu hupita Ruzizi mpaka Tanganyika, kisha Lukuga, nayo huishia katika Kongo vilevile. Maji ya Ziwa Edward huenda kaskazini kwa mto Semliki mpaka Nili. Mkunga wa Ulaya huingia katika Nili ya chini, kule Misri, lakini hafiki kwetu. Na katika mto Kongo hakuna mkunga wa namna hiyo.

Badala yake Mwenyezi Mungu ametupa kambare. Naye hana magamba, naye ana ute, naye ni mrefu mwenye kuteleza. Zaidi ya hayo, juu ya mashavu yake ana kiungo cha pekee kinachomwezesha kuvuta hewa kama sisi. Ndiyo maana aweza kukaa nje ya maji saa nyingi, mradi ngozi yake isikauke. Samaki mwingine akitungwa kwenye ndoana hufa upesi. Kambare huendelea kucheza majini usiku kucha, na kule kucheza kwake ndiko kunakomwita samaki mkubwa. Hiyo ndiyo siri ya chambo hai.

WAVUVI WA KATANDA NA ISHANGO

Wengine hudhani ya kuwa uvuvi wa akili uliletwa kwetu na wageni. Sivyo. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba mahali paitwapo Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, ndani ya hifadhi ambayo siku hizi inaitwa Virunga. Alikuta vyusa vya mfupa, vyenye meno ya kumzuia samaki asichomoke, kazi ya watu walioishi miaka ipatayo elfu ishirini iliyopita. Alikuta pia mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kama hesabu, ambao umewekwa Bruseli na kujulikana duniani pote.

Baadaye wataalamu wengine, Alison Brooks na John Yellen, walichimba Katanda, karibu na mto huohuo. Mwaka 1995 walitangaza habari ya vyusa vilivyo vya kale zaidi sana, ambavyo wao walivikadiria kuwa na miaka ipatayo 90,000. Pamoja na vyusa hivyo kulikuwa na mifupa ya samaki. Samaki gani? Kambare! Tena kambare wakubwa, waliokomaa. Wataalamu hao wakafikiri ya kuwa watu wa Katanda walijua majira. Kwa maana mvua zinapoanza, kambare wakubwa hutoka katika maji ya kilindi, huingia katika majani yaliyofunikwa na maji, wakatage mayai. Hapo mtu mwenye chusa aweza kuwafikia kwa miguu.

Twapenda msomaji ashike jambo hili. Wavuvi wa kwanza tunaowajua katika nchi yetu ya Kivu ya Kaskazini walikuwa watu wa kungoja. Waliifahamu tabia ya kambare, wakamwendea kwa wakati wake.

NDOANA YA PETRO

Chusa humtaka mvuvi amwone samaki. Ndoana ni tofauti: mvuvi haoni kitu, naye humshawishi samaki kwa chambo. Katika Injili twasoma habari za nyavu mara nyingi, lakini ndoana hutajwa mara moja tu. Ni pale Kafarnaumu, walipodaiwa kodi ya Hekalu, naye Bwana wetu Yezu Kristu akamtuma Petro ziwani na ndoana. Samaki wa kwanza alikuwa na fedha kinywani, ya kutosha kodi ya wote wawili. Mwinjili Mateo hasemi Petro alitumia chambo gani.

Hata hivyo twajua ya kuwa kambare wetu mkubwa, yuleyule aliye katika Ziwa Edward na Ziwa Viktoria, yuko pia katika Ziwa la Galilaya. Mitume walimfahamu. Lakini Sheria ya Musa, katika kitabu cha Walawi, ilikataza kula samaki asiye na magamba. Kwa hiyo wavuvi Wayahudi walipovuta wavu ufuoni, kambare alitupwa. Wapo wafafanuzi wa Maandiko wanaofikiri ya kuwa Bwana wetu aliposema juu ya baba asiyempa mtoto wake nyoka badala ya samaki, wasikilizaji wake walimkumbuka samaki huyu mwenye mfano wa nyoka. Sisi Wakatoliki twamla bila shaka yoyote, tukikumbuka maono ya Petro kule Yopa. Ndugu zetu Waadventista hawamli, nasi hatuna ugomvi nao kwa hilo.

ASKOFU NA NYAVU ZA MIKUNGA

Iko habari nyingine katika historia ya Kanisa, nayo yahusu mikunga wenyewe. Mtakatifu Beda, mtawa Mwingereza, alimaliza kitabu chake cha historia mwaka 731. Humo asimulia habari za askofu Mtakatifu Wilfridi, aliyefika kwa Wasaksoni wa Kusini, huko Uingereza, karibu na mwaka 681. Mvua haikunyesha huko miaka mitatu, na njaa ilikuwa kali mno. Bahari na mito ilijaa samaki, lakini wenyeji hawakujua kuvua ila mikunga tu.

Askofu hakuanza kwa kuwalaumu. Watu wake walikusanya nyavu za mikunga kutoka kila mahali, wakazitupa baharini, wakapata samaki mia tatu wa kila namna. Kisha wakawagawa mafungu matatu: mia kwa maskini, mia kwa wenye nyavu, na mia kwao wenyewe. Beda asema watu walimpenda askofu kwa sababu ya wema huo, wakasikiliza mafundisho yake kwa moyo zaidi.

Twaona hapa mambo mawili. Kwanza, alichukua maarifa waliyokuwa nayo, hata yakiwa madogo, akayapanua. Pili, hakusahau fungu la mwenye nyavu wala fungu la maskini.

CHAMBO KINAPOKWISHA

Sasa tuje karibu na siku zetu. Katika Ziwa Viktoria hapakuwa na sangara hapo zamani. Alitolewa Ziwa Alberti, akaonekana katika maji ya Uganda tangu mwaka 1954, na miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwa lote, huku aina nyingi za samaki wadogo waitwao fulu zikitoweka. Sangara hupenda chakula chenye uhai. Kwa hiyo wavuvi wakatega kamba ndefu zenye ndoana mia kadhaa, na katika kila ndoana wakatunga kambare mdogo aliye hai.

Msomaji ahesabu mwenyewe. Mvuvi mmoja mwenye ndoana mia tano ahitaji kambare wadogo mia tano kwa kutega mara moja. Je, wavuvi mia? Vijana na watoto wakatumwa kuchota samaki katika mabwawa na majani ya ufuoni, palepale wanapozaliwa.

Lakini huko Uganda na Kenya wako waliotafuta njia nyingine: kuzalisha kambare wa chambo katika mabwawa ya kuchimbwa. Jike hudungwa sindano ya dawa inayotolewa katika kichwa cha kambare mwenzake, naye huachilia mayai. Jike mmoja mkubwa aweza kutoa makumi ya maelfu. Mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja au mbili. Hivyo mvuvi hununua chambo, na majani ya ufuoni hupumzika.

Kwetu Kongo mabwawa ya samaki si jambo geni. Wakati wa serikali ya Wabelgiji, hasa miaka ya 1950, yalichimbwa maelfu mengi, nayo yalitiwa tilapia. Baada ya mwaka 1960 mengi yaliachwa yakaota majani. Wazee wetu wengine wakumbuka bado yalipokuwa.

NAMNA YA KUMSHIKA

Turudi sasa kwa vijana wetu. Siku ya pili walishuka tena bondeni, wakakuta dimbwi limekuwa maji matupu. Hapo wakamrudia mzee, wakamsihi awafundishe. Aliyowaambia ndiyo haya, nasi twayaandika kwa faida ya wengine.

Kambare hashikwi kwa nguvu, kwa maana ukimkaza huteleza, kisha husimamisha miiba yake miwili ya ubavuni. Lowesha mkono, mshike nyuma ya kichwa, vidole vikae nyuma ya miiba hiyo, wala usimbonyeze tumbo. Ukichomwa, osha jeraha upesi kwa maji safi na sabuni. Chombo kiwe kipana, chenye maji kidogo, kiwekwe kivulini, na mdomo wake ufunikwe kwa wavu au kapu, si kwa bati. Kwa maana kambare lazima apande juu kuvuta hewa, lakini pia huruka. Usichanganye wakubwa na wadogo, maana huwala wenzao. Wakati wa kutunga, pitisha ndoana chini ya ngozi ya mgongo, bila kugusa uti wala matumbo. Asubuhi na mapema ukaangalie kamba, usimwache kiumbe kuteseka bure.

Na neno la mwisho la mzee lilikuwa hili: katika kila dimbwi, chukua wachache, waache wengi.

MBEGU YA KESHO

Ndugu wasomaji, mwenye njaa humwona kambare mdogo kama kitu cha leo. Hatuwezi kumhukumu. Vijana wale walikuwa na haja ya kweli, na mtoto anayefukuzwa shuleni hawezi kushibishwa kwa maneno mazuri juu ya mwaka ujao. Lakini mkulima mwenye njaa ajua ya kuwa akila mbegu zote, njaa itamrudia ikiwa kali zaidi. Kambare mdogo ni mbegu ya maji. Watu wa Katanda walimngoja mkubwa kwa majira yake. Sisi tulio na shule na vitabu tunachota wachanga wote katika kopo moja.

Basi mzee yule ametoa pembe ya shamba lake karibu na kijito. Vijana wamechimba bwawa dogo, hatua kumi kwa sita, na jirani mmoja amewaazima majembe. Wamekubaliana ya kuwa mavuno yatagawanywa kama alivyofanya askofu Wilfridi: fungu moja kwa jamaa zilizo na dhiki, fungu moja kwa mwenye shamba na mwenye majembe, fungu moja kwao wenyewe na ada yao. Hatujui kama bwawa litafaulu. Nyoka na ndege hupenda kambare kama sisi. Lakini kila jioni, baada ya sala, twawaona wakishuka bondeni kutazama maji. Wamekwisha jifunza kungoja.

Mtakatifu Petro, mvuvi, atuombee.