Kaya Isiyofikiwa: Wafugaji wa Kaskazini katika Takwimu za Umaskini nchini Kenya, 1974–2006

Katika tafiti za kaya za Kenya baada ya uhuru, neno "taifa" lilifika kaskazini kabla ya makarani wa takwimu. Utafiti Jumuishi wa Vijijini wa 1974/75, uliotumiwa sana kukadiria mapato ya vijijini, ulilenga wakulima wadogo. Wafugaji wa kuhamahama wa nyanda kame hawakuwamo.

Pengo hilo lilidumu kwa sababu lilikaa ndani ya fremu ya sampuli, mahali ambapo msomaji wa ripoti hatazami. Tafiti za Demografia na Afya za 1993 na 1998, ambazo nazo zilichota kaya zao katika fremu ya kitaifa, ziliacha Mkoa wote wa Kaskazini Mashariki pamoja na wilaya za Turkana, Samburu, Marsabit na Isiolo. Ilielezwa kuwa maeneo hayo yalikuwa na chini ya asilimia 4 ya Wakenya. Kihesabu, hoja hiyo ina mashiko: kundi dogo kiasi hicho haliwezi kuusogeza mbali wastani wa nchi. Lakini wastani wa nchi haukuwa ndio hasara. Garissa, Wajir na Mandera ndizo zilizokosa kiwango chao, na asiye na kiwango hana cha kuweka mezani siku ya mgao.

Fremu mpya iliyojengwa juu ya sensa ya 1999 iliingiza wilaya zote. Utafiti Jumuishi wa Bajeti ya Kaya wa 2005/06 ulichagua kaya 13,430 na kuendeshwa kwa miezi 12, jambo la maana kwa jamii ambayo maziwa yake hujaa na kukauka kwa kufuata mvua. Umaskini wa taifa ulikadiriwa kuwa asilimia 45.9, wa Kaskazini Mashariki, 73.9.

Hata hivyo, kufikiwa si sawa na kuonekana vyema. Kaya katika tafiti hizi ni watu wanaoishi pamoja, wanaomtambua mkuu mmoja na wanaokula chungu kimoja. Fasili hiyo inamfaa mkulima mwenye boma la kudumu. Miongoni mwa Waborana na Warendile, vijana hukaa miezi mingi na mifugo katika kambi za malisho, mbali na wazee. Chungu chao ni kipi? Maziwa wanayokunywa huko ni matumizi halisi, ila karani aliyeketi na mama nyumbani hana njia nyepesi ya kuyapima. Kwa hiyo hata ile 73.9 ni makadirio ya sehemu ya kaya iliyobaki nyumbani zaidi kuliko ile iliyofuata mifugo.

Kanuni ya kwanza ya kugawa mapato kwa kaunti, ya 2012, iliupa umaskini uzito wa asilimia 20.