Jogoo wa Shosho Ana Historia

Wasee wa Meru na Embu, tuongee kuku. Mwaka wa 1976 serikali ilianza mpango wa kubadilishana majogoo: unapeana wa kienyeji, unapewa wa kisasa. Lengo lilikuwa mayai na nyama zaidi. Sawa, lakini kinga pia hurithiwa. Kuna kundi la jeni za kinga linaloitwa MHC: kuku wa aina ya B21 hustahimili ugonjwa wa Marek, wa B19 huanguka haraka. Utafiti wa 2015 kwa kuku wa kienyeji, kutoka Lamu hadi Turkana, ulikuta eneo hilo la jeni lina aina nyingi sana. Ugonjwa mpya ukiingia, utofauti huo ndio akiba yetu. Newcastle chanja, usibahatishe. Boresha kuku wako, lakini mbegu ya shosho usiimalize.